Niliingia hospitali na ugonjwa mmoja, sasa nina matano: je, ni vidonge vya sukari?

SWALI

Daktari, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 52. Miaka saba iliyopita niliambiwa nina kisukari, kile cha ukubwani, nikaanzishiwa vidonge. Wakati huo nilikuwa najiona mzima, nilichokuwa nacho ni kiu na kuamka usiku kwenda haja ndogo. Mwaka uliofuata wakasema presha imepanda, nikaongezewa kidonge. Baadaye mafuta kwenye damu yamezidi, kidonge kingine. Mwaka huu mkojo umeonyesha protini, nikaambiwa figo zimeanza kuguswa, na picha ya tumbo imeonyesha ini lina mafuta. Mimi pombe sijaionja maisha yangu yote! Hata fizi sasa zinatoka damu nikipiga mswaki.

Shemeji yangu naye ana sukari. Ameniambia wazi kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba vidonge hivi ndivyo vinavyoharibu figo na ini. Yeye aliviacha, na anasema hana presha wala nini. Tena anamjua mtu ambaye daktari mwenyewe alimsimamisha dawa ya sukari figo zilipoharibika. Kama dawa haina ubaya, kwa nini wamsimamishe? Nikaona ana hoja. Tangu mwezi uliopita nimeacha vyote. Anayejua ni binti yangu tu, na amekasirika. Lakini hata yeye ananitia wasiwasi: alipokuwa mjamzito aliambiwa ana sukari, akajifungua ikaisha, na tangu hapo hajapima.

Naomba unijibu bila kunificha. Ni dawa, ni bahati mbaya, au nimefanyiwa kitu? Nimechoka, kuna siku nalia tu bila sababu.

*Mama Aliyechoka*

JIBU

Mama, nianze na la haraka. Wiki hii, si mwezi ujao, rudi kliniki na mfuko wako wote wa dawa, na umwambie anayekuhudumia kwamba uliacha. Usiogope kukemewa. Wanaoacha dawa kimyakimya ni wengi kuliko unavyodhani, na sisi tunaowahudumia tunalijua hilo. Usizirudie zote kwa mkupuo ukiwa nyumbani, kwa sababu sukari na presha zinatakiwa zipimwe upya kwanza, na huenda dozi zikabadilishwa. Ila ukipata kiu isiyokatika pamoja na kutapika, kupumua kwa haraka, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili ukalegea ghafla, usingoje siku ya kliniki. Nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo.

Sasa swali lako. Umenipa majibu matatu nichague, na hakuna lililo sahihi. Maradhi uliyoyataja yana shina moja, na kwa uwezekano mkubwa yalishaanza kuota kabla hujameza kidonge cha kwanza. Ule mwaka uliofuata ni mwaka ambao presha ilionekana. Ilianza lini, hakuna awezaye kukuambia.

Shina lenyewe liko kwenye insulini. Hii ni homoni ya kongosho, na kazi yake kubwa ni kubisha hodi kwenye seli za misuli, mafuta na ini ili sukari ipokewe. Katika kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho chako, seli hizo huanza kuwa nzito kuisikia hodi. Mafuta yanapojaa tumboni kuzunguka viungo, na hata ndani ya ini na misuli, uzito huo wa kusikia huongezeka. Kongosho nalo halikati tamaa, linapandisha sauti: linamwaga insulini mara mbili, mara tatu ya kawaida. Mtu anaweza kukaa hivyo miaka mingi. Akipimwa sukari inasoma vizuri, anajiona mzima kama ulivyojiona, kumbe damu imejaa insulini kupita kiasi.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi, na mimi naona ndilo kiini, ni kwamba uziwi huu hauko sawa mwili mzima. Misuli haisikii, lakini figo bado zinasikia. Na insulini ikiziambia figo kitu, huziambia zibakize chumvi. Chumvi ikibaki maji yanabaki, na presha inapanda. Ini ni la ajabu zaidi, kwa kuwa ni kiziwi upande mmoja tu. Likiambiwa liache kutoa sukari halisikii, linaendelea kuimwaga usiku kucha hata kama damu imejaa, na ndiyo maana wengine huamka na sukari ya juu ilhali hawajala tangu jioni. Likiambiwa litengeneze mafuta, linatii vizuri sana. Baadhi ya mafuta hayo yanabaki humohumo, mengine yanasukumwa kwenye damu. Umepata hapo ini lenye mafuta bila tone la pombe, na umepata yale mafuta ya damu yaliyokuongezea kidonge cha tatu.

Hili si wazo jipya. Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa mhadhara akionyesha kwamba presha, mafuta mabaya ya damu na sukari hukutwa pamoja kwa mtu mmoja mara nyingi mno kiasi kwamba haiwezi kuwa sadfa, na akautaja ukinzani wa insulini, yaani huo uziwi wa seli, kuwa ndio unaoyaunganisha. Halafu kuna utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kwa kifupi UKPDS, uliowafuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegundulika karibuni. Takriban nusu yao walikutwa na madhara fulani ya kisukari siku walipogunduliwa, kabla matibabu hayajaanza. Hao dawa iliwaharibu vipi?

Hiyo ni nusu ya kwanza ya habari. Nusu ya pili huanza kongosho linapochoka na sukari yenyewe ikapanda.

Sukari nyingi kwenye damu hunata kwenye protini za mwili. Kipimo cha HbA1c unachofanyiwa kila baada ya miezi kadhaa ndicho kinachopima kunata huko: himoglobini (protini ya damu) iliyoshikwa na sukari ndani ya chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, kipimo kinasimulia habari za miezi miwili hadi mitatu. (Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amwambie daktari, maana kipimo hiki kinaweza kumdanganya.) Kunata kunakoonekana kwenye himoglobini kunatokea pia kwenye kuta za mishipa. Zinakakamaa, zinapoteza uwezo wa kutanuka, mafuta yanapata pa kujishikiza. Mwili unaona kuta zimejeruhiwa na kutuma askari wake, hali tunayoiita mchochota, na mchochota huo ukidumu miaka unazidisha ukinzani wa insulini. Ni mduara.

Lakini kwa nini figo, macho na miguu, na si pua au masikio? Seli nyingi zikizidiwa na sukari hupunguza kiasi zinachoingiza. Zile zinazotandika ndani ya mishipa midogo, zile za vichujio vya figo, za retina ya jicho na za mishipa ya fahamu haziwezi kufanya hivyo. Sukari ikijaa nje, inajaa na ndani, na mitambo ya seli hizo ya kuzalisha nishati huanza kutoa kemikali zinazozila seli zenyewe. Kwa hiyo viungo hivyo huharibika pamoja, na mtu akikutwa na tatizo kwenye jicho tunapekua figo zake, na kinyume chake.

Figo nitazieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndizo zilizokufanya uogope.

Kila figo ina vichujio vidogo sana, takriban milioni moja. Sukari ikipita hapo kwa wingi, figo hujaribu kuirudisha kwenye damu, na huirudisha pamoja na chumvi. Chumvi inayofika mbele inapungua, na figo, ambazo hutumia chumvi hiyo kupima kiasi cha damu kinachopita, hudhani damu ni haba. Zinapanua mshipa unaoingia kwenye kichujio. Presha ndani ya kichujio inapanda, kinatanuka, matundu yake yanalegea na protini inaanza kupita kwenda kwenye mkojo. Ndiyo protini waliyoikuta kwako. Kichujio kikifa, vilivyobaki hubeba kazi yake na kuchakaa mapema. Na figo zilizojeruhiwa hupandisha presha ya mwili mzima, presha hiyo inarudi kuzipiga figo.

Sasa tazama ulichokiacha. Kama kidonge chako cha presha kina jina linaloishia na "pril" au "sartan", basi kazi yake haikuwa presha peke yake. Dawa za jamii hiyo hulegeza mshipa unaotoka kwenye kichujio, presha ya ndani ikashuka na protini ikapungua kuvuja. Huo ndio ulinzi wa figo zako, na umekaa kabatini tangu mwezi uliopita.

Shemeji yako hajasema uongo wote, na sitaki nimfanye mjinga. Ni kweli kwamba metformini, kidonge cha sukari kinachotumika sana, husimamishwa figo zikidhoofika sana, kwa kawaida kipimo cha uchujaji kikishuka chini ya 30 wakati cha mtu mzima mwenye afya ni karibu 90 au zaidi. Ila husimamishwa kwa kuwa figo zilizochoka haziwezi kuitoa mwilini, ikarundikana na kuleta asidi kwenye damu. Figo ndizo zinazoishinda dawa, dawa haikuziharibu. Mtu wa nje anaona daktari kasimamisha, anafunga kesi.

Na kama kuna dawa ya kushukiwa, ni ile ambayo hakuna aliyekuandikia. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa mara kwa mara, huumiza figo kwelikweli, hasa ukiwa unatumia dawa ya presha. Dawa za mitishamba zisizojulikana zina nini nazo zinaweza. Hujaniandikia kama unatumia chochote cha aina hiyo, lakini ukienda kliniki kitaje. Ukweli mwingine usifichwe: metformini ya muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 na kuleta ganzi, dawa za kushusha kolesteroli zinaweza kupandisha sukari kidogo, na zile za "pril" na "sartan" zinaweza kubadilisha kipimo cha figo kidogo mwanzoni. Ndiyo maana mnapimwa damu. Faida ya dawa hizi kwa mtu mwenye hali kama yako ni kubwa kuliko madhara hayo, na kwa hili sina wasiwasi.

Sina wasiwasi kwa sababu watu kama wewe walishachunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Denmark, kituo cha kisukari cha Steno kilichukua watu 160 wenye kisukari cha aina ya 2 ambao protini ilikuwa imeanza kuonekana kwenye mkojo. Hapo ndipo ulipo wewe leo. Nusu wakatibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati ule. Nusu nyingine wakashughulikiwa yote kwa pamoja: sukari, presha, mafuta ya damu, dawa za kulinda figo, chakula, mazoezi, sigara. Baada ya karibu miaka minane, matukio ya moyo na kiharusi katika kundi la pili yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu, na figo zao zilikuwa salama zaidi. Walipotazamwa tena baada ya miaka 21, waliotibiwa kwa pamoja walikuwa wameishi kwa wastani wa kati karibu miaka minane zaidi ya wenzao. Ule mfuko wa vidonge uliokuchosha ndio uliowapa miaka hiyo. Na katika UKPDS, matokeo yaliyotolewa 1998, kudhibiti presha kwa ukali zaidi kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Kumbuka, hao walikuwa watu wa kisukari, na kilichoshushwa ni presha.

Ini lako nalo lina habari njema. Ndilo linalorudi upesi kuliko viungo vyote nilivyovitaja. Katika utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, watu waliokuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita na wasiotumia insulini walipunguza uzito kwa mpango maalumu, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Walisimamishiwa dawa na madaktari waliokuwa wakiwapima, hawakuziacha wenyewe. Wewe umevuka miaka hiyo sita, kwa hiyo sikuahidi utafika huko. Lakini kama una uzito wa kupunguza, hata asilimia saba hadi kumi ya uzito wako inatosha kupunguza mafuta ya ini kwa kiasi kinachoonekana, na ini likipungua mafuta sukari ya asubuhi huanza kushuka. Kama huna uzito wa ziada, mweleze daktari, mazungumzo yatakuwa mengine.

Mengine nitayapitia haraka. Fizi: sukari ya juu hulisha maambukizi ya fizi, na fizi zenye mchochota hupandisha sukari, daktari wa meno akizitibu, HbA1c mara nyingi hushuka kidogo. Moyo: mishipa ya fahamu ikiharibika mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua, akahisi tu uchovu wa ghafla, jasho au pumzi kukata, kwa hiyo usizipuuze hizo. Kifua kikuu: mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu ya kukipata, basi kikohozi kikivuka wiki mbili kapime. Saratani za ini, kongosho na tumbo la uzazi zinaonekana zaidi kwa wenye kisukari cha aina ya 2, na insulini nyingi ya muda mrefu inashukiwa kwa sababu ni homoni inayochochea seli kukua. Kupoteza kumbukumbu uzeeni nako kumo kwenye orodha. Sikuambii haya ulale macho. Nakuambia kwa sababu hatua zilezile zinazolinda figo zako ndizo zinazopunguza mengi kati ya hayo.

Kule kulia bila sababu usikuweke pembeni. Sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili ya watu wengine, na inakwenda pande zote mbili: homoni za msongo hupandisha sukari, na aliyevunjika moyo huacha dawa, hatembei, halali. Huenda hata uamuzi wako wa mwezi uliopita ulitoka huko kuliko kwa shemeji. Inatibika. Itaje kliniki kama unavyotaja presha, usingoje uulizwe.

Ukifika, omba vitu hivi kwa majina: HbA1c, presha, kipimo cha damu cha uchujaji wa figo, albumini (ile protini) kwenye mkojo, mafuta ya damu, uchunguzi wa jicho kwa kupanua mboni, na miguu iguswe kupima ganzi. Uliza pia kama unafaa kupewa dawa za kundi jipya zinazozuia figo kurudisha sukari. Zinakwenda moja kwa moja kwenye ule mchezo wa sukari na chumvi niliokueleza, na majaribio makubwa tangu 2015 yameonyesha zinalinda moyo na figo. Na kama vidonge vimekuwa vingi, sema vimekuwa vingi. Wakati mwingine viwili huunganishwa kuwa kimoja, na hilo halifanyiki kwa mgonjwa asiyesema.

Shemeji muulize jambo moja tu: presha anayosema hana, aliipima lini? Presha haiumi, protini kwenye mkojo haiumi, na sukari ya wastani haiumi. Asiyepima hana ugonjwa wowote. Ikiwezekana nenda naye.

Na binti yako hasira zake ni za haki, lakini ana deni. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza utendaji wa insulini, kongosho la kila mjamzito hulazimika kuongeza kazi, na lile lisilo na akiba ya kutosha hushindwa. Kondo likitoka, sukari inarudi chini na watu wanasherehekea kwamba imeisha. Akiba ndogo ya kongosho inabaki palepale. Mwanamke aliyepata sukari ya mimba ana hatari zaidi ya mara saba ya kupata kisukari cha aina ya 2 baadaye, na juu ya hayo yeye ana mzazi mwenye nacho. Alitakiwa apimwe kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, halafu kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote, na lazima kabla ya mimba nyingine, kwa kuwa sukari ya juu katika wiki za mwanzo huharibu viungo vya mtoto vinapoumbwa, hata kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Kama ananyonyesha aendelee, hilo linamsaidia na yeye. Siku utakayorudi kliniki mwende wote wawili, naye apimwe sukari na presha hapohapo.